Picsou, bata muchimbaji: nani alichimba, nani aliandikwa jina?

Mangaribi moja kwetu ku cité, tulikuwa tunakaa inje ya nyumba na wenzetu wa syndicat, tunahesabia wafanyakazi wawili fiche zao za salaire. Pembeni, mutoto mumoja wa miaka 11 alikuwa anasoma Picsou Magazine ya zamani, ile yenye kurasa za kwanza zilishapasuka. Akainua kichwa, akauliza: «Papa, huyu bata alichimba ile zahabu yeye mwenyewe, ao alichimbisha watu?»

Tulicheka. Kisha tukanyamaza, juu hakuna kati yetu mwenye alikuwa na jibu. Na sisi wote tulikulia mu vitabu vile. Tulivipata ku masomo, ku Baba Père, ku soko, vikiwa vimepita mu mikono ya watoto kumi mbele ya kufika kwetu. Tulijua Picsou anaogelea mu feza. Hatukujiuliza feza ile ilitoka wapi.

Tangu siku ile tulitafuta, tukauliza walimu, tukasoma. Tunawaletea hapa mambo tuliyopata.

Kwanza, nyama mwenye kusema si kitu kigeni kwetu. Nkambo zetu walitulisha hadisi za Kalulu, sungura mudogo mwenye kudanganya simba na tembo. Lakini Kalulu hana coffre. Kila hadisi inamukuta na njaa yake, na akili yake njo mali yake yote. Picsou ni nyama wa namna ingine: anasema kama mutu, na tena anasema kama patron. Njo maana inafaa kumusikiliza vizuri.

Bata anapata maneno

Mbele ya Picsou kulikuwa Donald. Alionekana mara ya kwanza mu filme ndogo ya Walt Disney, mwezi wa Juni 1934, ku Marekani. Mu filme, sauti yake ilitolewa na Clarence Nash, na wote wenye walimusikia wanajua: ni kelele ya bata kweli, neno moja unashika, matatu yanakupita. Kwa kuchekesha inatosha. Kwa kuelezea maisha haitoshi.

Ni ku vitabu vya picha, vile tunaita BD, ndipo bata alipata luga safi. Mule maneno yanaandikwa mu bulle juu ya kichwa, na kila mutu anayasoma polepole. Bata akaweza kulalamika juu ya deni, kubishana juu ya kazi, kukumbuka ujana wake.

Mutu mwenye alimupa maneno yale anaitwa Carl Barks. Alizaliwa mwaka wa 1901 kule Oregon, mu familia ya walimaji. Masomo yake ilikwisha mapema. Masikio yake ilianza kukufa akingali kijana. Alifanya kazi za mikono za kila namna: shamba, kukata miti mu pori, kuchunga ngombe, hata kupiga rivets mu atelier ya reli. Mu 1935 aliingia kwa Disney, ku filme, na mu 1942 aliondoka. Toka pale alianza kuchora Donald mu vitabu, nyumbani kwake, peke yake ku meza.

Mu mwezi wa Desemba 1947, alihitaji muzee mutajiri kwa hadisi moja ya Noeli. Akamutunga: bata mwenye fimbo na ndevu za pembeni, anakaa mu nyumba kubwa na uchungu wake, hapendi mutu. Jina la Kiingereza, Scrooge, alilitoa ku kitabu cha Noeli cha Charles Dickens, cha mwaka 1843. Wafaransa wakamuita Balthazar Picsou.

Barks alizania bata huyu ni wa siku moja. Lakini muzee alikuwa na nguvu kuliko hadisi yake. Akarudi, na polepole akapata vitu vyenye sisi wote tunajua: mu 1951 wezi wale Rapetou, na mu mwezi wenye kufuata coffre kubwa juu ya kilima. Mu 1952 akapata kitabu chake mwenyewe.

Bata mwenye pelle

Mu kitabu kile cha 1952, Picsou anajielezea. Kila kipande cha feza, anasema, kina ukumbusho wake, na yote aliipata kwa kazi ngumu na kwa haki. Tushike neno lile, «kwa haki», juu tutalirudilia.

Mwaka wenye kufuata, 1953, tunaona kazi yenyewe. Hadisi inamurudisha Picsou ku Klondike, kule Canada, kwenye baridi inapasua mawe. Klondike ni pahali pa kweli. Zahabu ilionekana kule mwezi wa Agosti 1896, na watu karibu 100 000 walifunga mizigo kwenda kuitafuta. Wengi hawakufika. Wengi kati ya wale walifika walikuta mashimo yote yameshachukuliwa, na wakarudi mikono mitupu. Wenye walipata feza ya hakika ni wenye waliuzia wachimbaji chakula, pombe na vifaa. Ndugu zetu creuseurs hawahitaji tuwaelezee zaidi. Na wenye inchi, watu wa kabila la Hän, walihamishwa pahali pao pa kuvua samaki ku mutoni. Mu BD hawaonekani.

Picsou wa Klondike ni kijana mwenye pelle na sufuria ya kuoshea muchanga. Analala mu baridi, anachimba peke yake, anapata jiwe la zahabu kubwa kama yai la bata. Kule anakutana na Goldie, mwanamuke mwimbaji wa bar, mwenye anamulevya na kumuiba zahabu. Picsou anapiganisha bar muzima, anamubeba Goldie mpaka ku shimo lake, anamutumikisha kuchimba kusudi ajue uchungu wa kazi.

Kurasa zile za bar na za kumutumikisha Goldie, wakubwa wa kitabu walizikata. Walisema hazifai kwa watoto. Wasomaji walizipata nyuma ya miaka karibu 30. Basi mu kitabu cha 1953 mutoto aliona zahabu, lakini siku zenye mutu mwingine alichimba ku shimo la Picsou hakuziona.

Mwisho wa hadisi ni muzuri, tuuseme. Goldie sasa ni mwanamuke muzee, masikini, bado anakaa pale ku shimo. Picsou anamupa mashindano: mwenye ataona zahabu wa kwanza, yote ni yake. Kisha anamuelekeza achimbe pahali penyewe yeye alifichaka zahabu yake. Anajifanya alisahau. Wajukuu na Donald wanaelewa kwamba hakusahau hata kidogo. Kwa bata mwenye kulia juu ya sou moja, hiyo ni kilio kikubwa. Wengi wetu tulipenda Picsou juu ya ukurasa ule.

Bata ku Afrika

Sasa turudi ku neno «kwa haki».

Miaka tatu mbele ya kujisifu vile, mu 1949, Barks alishachora hadisi ingine. Mule Picsou mwenyewe anaelezea kwamba zamani alitaka udongo wa Afrika juu ya caoutchouc. Mufalme wa kijiji alikataa kuuzisha. Picsou akalipa kundi la watu wabaya, wakafukuza kijiji kizima mu pori, na caoutchouc ikawa yake. Muganga wa kijiji akatuma mufu mwenye kutembea, zombie, amutafute Picsou mu dunia yote kwa kulipiza.

Caoutchouc ya Afrika, kijiji mu pori, watu wa kulipwa wenye bunduki. Mu familia za Kongo hakuna mwenye anahitaji maelezo juu ya maneno haya. Hatujui kama Barks alifikiri juu ya inchi yetu, na hatutamusemea. Lakini hadisi iko, na tarehe iko.

Na tuseme ukweli wote: picha za watu weusi mu hadisi ile ni za zarau. Midomo, mifupa, macho, vyote ni ile michoro ya wazungu wa wakati ule wenye hawakuona mutu mbele yao. Kosa la Picsou liliandikwa, lakini wenye walitendewa hawakupewa sura ya watu.

Mu 1956 anarudi tena ku Afrika. Mara hii anakutana na Gripsou, bata mwingine tajiri, wa Afrika ya Kusini, inchi ya mines. Wanapimana mali. Coffre kwa coffre, wanalingana, mpaka wanafika kupimana ukubwa wa mipira ya kamba yenye walikusanya. Tunacheka. Lakini mu ile mali yote ya Afrika ya Kusini, wachimbaji weusi wenye walishuka chini kila siku hawapimwi ku hadisi.

Watu wa kwanza kusema jambo hili kwa sauti kubwa walikuwa ku Chili, inchi ya shaba kama yetu. Mu 1971, mwaka wenye serikali ya Salvador Allende iliweka mines kubwa za shaba mu mikono ya inchi, Ariel Dorfman na Armand Mattelart, huyu wa pili muzaliwa wa Ubelgiji, walitoa kitabu cha kuchunguza Donald na Picsou. Walisema: angalieni, mu inchi ya mabata hawa hakuna wafanyakazi. Mali inatoka mu ardi tu, ao inatolewa na watu wa mbali wenye wanachorwa kama watoto, wanabadilisha zahabu na vitu vya kuchezea. Mu 1973, wakati askari walipindua serikali, kitabu kile kilichomwa moto.

Tuko pamoja nao kwa mambo mingi. Kitu kimoja kiliwapita. Wao pia waliandika «Disney» kana kwamba mutu mumoja alichora yote. Mufanyakazi mwenyewe wa meza ile, Barks, hawakumuona.

Bata na mufanyakazi bila jina

Hapa sisi wa syndicat tulisimama sana.

Miaka zaidi ya 20 Barks alitunga na kuchora hadisi zaidi ya 500. Ku jalada kulikuwa jina moja: Walt Disney. Jina la Barks halikuandikwa. Wasomaji waliona kwamba kati ya wachoraji wale kuko mumoja mwenye mukono bora, wakamuita tu «muchoraji mwema wa mabata», juu hawakuwa na jina lingine la kumupa. Ni karibu mwaka wa 1960 ndipo wamoja walifaulu kupata jina na adresi yake.

Namna gani mutu anafanya kazi vile bila jina? Angalieni mukataba wake. Disney ilikuwa na bata. Kampuni ingine ya kuchapisha vitabu ilikuwa na ruhusa ya kutumia bata. Na Barks alifanya kazi kwa kampuni ile, nyumbani, analipwa kwa ukurasa. Ukurasa ukiisha, malipo imeisha. Hadisi ikichapishwa tena mu inchi kumi, mu luga kumi, hakuna kitu kinamurudilia. Kwetu kazi ya namna hii ina jina: sous-traitance. Kofia ni ya mumoja, mukataba ni wa mwingine, na ukiuliza haki yako kila mumoja anaonyesha mulango wa mwenzake.

Hata hivyo ku Disney kwenyewe wafanyakazi walishapigania jambo hili. Tarehe 29 Mei 1941, wachoraji wa filme waliingia mu grève. Art Babbitt, mumoja kati ya wachoraji wakubwa wa nyumba, alikuwa amefukuzwa juu ya syndicat, na akatembea mbele yao. Walitaka syndicat ikubaliwe, salaire ipangwe, na majina yao yaandikwe ku filme. Nyuma ya majuma mengi, kampuni ilisaini. Lakini faida ile ilifika ku mulango wa studio. Mutu mwenye kuchora vitabu nyumbani kwake, kwa kampuni ingine, haikumufikia.

Mwaka uleule wa 1941, mwezi wa Desemba, baba na nkambo zetu wa Union Minière waliingia mu grève ku Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Walitaka salaire yenye kutosha. Askari waliwapiga masasi ku uwanja wa mupira, na Léonard Mpoyi, mwenye aliwasemea, aliuawa. Hatulinganishe mambo haya mawili: kule walipoteza siku za kazi, hapa walipoteza maisha. Tunasema tu kwamba jina la Mpoyi tunalijua, na majina ya wengi wenye walianguka pamoja naye hatuyajui. Kuandika jina si kitu kidogo.

Barks aliacha kazi mu 1966. Mu 1971 alipewa ruhusa kuchora mabata yake kwa rangi za mafuta na kuuzisha picha zile. Musome vizuri: mutu mwenye alitunga Picsou alilazimika kuomba ruhusa kumuchora Picsou. Alikufa mwezi wa Agosti 2000, akiwa na miaka 99, na wakati ule jina lake lilishajulikana dunia muzima.

Bata ku shaba

Mwenye alifuata anaitwa Don Rosa, Mumarekani wa Kentucky, muzaliwa wa 1951, wa familia yenye kampuni ya ujenzi. Kati ya 1992 na 1994 alitoa maisha ya Picsou mu vipande 12. Wafaransa wanaiita «La Jeunesse de Picsou». Alikusanya kila neno lenye Barks aliliachaka huku na huku, akalipanga kwa miaka: mutoto wa kupangusa viatu ku Glasgow, mu 1877 anapata sou yake ya kwanza, kisha mashua, kisha ngombe.

Na kisha shaba. Ndiyo, wasomaji wetu: mbele ya zahabu, Picsou alichimba shaba. Ni ku Butte, Montana, muji wa kweli, wakati shaba ilianza kutafutwa sana juu ya waya za umeme. Marcus Daly, mukubwa wa kweli wa mine ya Anaconda, anaonekana mule. Picsou anajifunza sheria ya kule: mwenye udongo kwenye mushipa wa shaba unatokea juu, anaweza kuufuata chini hata mu udongo wa jirani. Kijana anashinda, kisha anaacha yote kurudi kwao kusaidia wazazi. Kitu chenye Rosa hakuonyesha: mu Butte ileile wachimbaji walikuwa na syndicat yao tangu 1878, mumoja kati ya syndicat zenye nguvu ku Marekani.

Lakini kitu kimoja Rosa alikionyesha bila kuficha. Ku kipande cha 11, alirudilia hadisi ya 1949. Picsou ni tajiri, ana dada zake wawili pamoja naye ku Afrika, na anafukuzisha kijiji kwa kuchukua udongo. Dada zake wanachukizwa, wanamuacha. Rosa anasema wazi: hapa njo pahali bata aliuzisha roho yake. Toka pale feza inazidi na watu wanapunguka, mpaka anabaki yule muzee wa 1947, peke yake mu nyumba kubwa.

Mu 2023, Disney iliamua kutochapisha tena kipande kile, juu ya ile zombie na michoro ya Afrika. Sisi tulibishana sana juu ya jambo hili. Wamoja kati yetu wanasema: vizuri, picha ya zarau isirudie mu mikono ya watoto wetu. Wengine wanasema: wanatoa ukurasa mumoja wenye Picsou anakubali kosa lake kwetu, na wanaacha zingine zote zenye anajisifu. Tulimaliza kwa kukubaliana vile: zarau iitwe zarau, na kosa libaki limeandikwa. Mutoto apewe kitabu na mukubwa wa kukaa pembeni yake.

Rosa naye aliweka kalamu chini. Macho yake ilikuwa mabaya, na alieleza pia sababu ya pili: vitabu vyake vilichapishwa tena na tena mu inchi mingi, na yeye alilipwa ukurasa tu, kama Barks. Kitu alichofaulu ni kulinda jina lake kwa sheria, kusudi hakuna mwenye atauzisha vitabu kwa jina «Don Rosa» bila kupatana naye. Miaka 50 nyuma ya Barks, malipo haikubadilika. Jina ndilo lilibadilika.

Tulirudi kwa mutoto na jibu. Tulimuambia: mu kitabu, Picsou alichimba mwenyewe, ku shaba na ku zahabu, na mikono yake ilitoka damu. Lakini alitumikisha Goldie, na wakakata kurasa. Alifukuza kijiji ku Afrika, na sasa kipande kile hakichapishwe tena. Na mutu mwenye alimuchora alilipwa kwa ukurasa, bila jina.

Mutoto alifikiri kidogo. Akafungua ile Picsou Magazine, akatafuta kurasa moja kwa moja, kidole chini ya mistari midogo ku mwanzo wa kila hadisi. Akatuonyesha: mule mwake, majina yameandikwa. Mwenye alitunga, mwenye alichora.

Kisha akauliza kama sisi pia ku fiche zetu za salaire, jina linaandikwa vizuri. Baba yake alichukua fiche ku meza, akaisoma. Herufi moja ya jina ilikosekana. Juma lenye kufuata tulienda naye ku bureau, kuisahihisha.